Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu mesi ya makoplo kwenye jeshi la Kanada

Tangu Novemba 2022 jeshi la Kanada lilipofungua mlango kwa wenye PR, yani kibali cha ukaazi wa kudumu, sio raia peke yao kama zamani, meseji zimekuwa nyingi sana kutoka kwa vijana wetu, Wabongo, Wakenya, Wakongomani, Warundi, wote wanataka kujua usaili ukoje, mbio zikoje, depo la Saint-Jean, pale Quebec tunapofundishwa ukuruti, likoje. Hayo mtayapata kwa wengine. Lakini kuna maswali yanarudi kila wiki na hayajibiwi vizuri, ya mesi. Mimi ni masta koplo, nilijiunga nikiwa tayari raia, na miezi yangu ya mwanzo niliipoteza kwa kuikwepa mesi kwa sababu nilidhani ni baa ya walevi. Sitaki mwingine apoteze muda kama mimi, ndio maana nimekaa nikayaandika haya.

## Mambo ya mwanzo

Mesi ni nini? Si ndio pale tunapokula?

Hapana, na hapa ndipo wengi tunapochanganya. Nyumbani ukisema mesi au bwalo mtu anaona sufuria la ugali na foleni ya sahani. Kanada chakula cha kila siku unakula kwenye jiko la kambi, unachukua trei, unapanga foleni, unakula unaondoka. Mesi ni kitu kingine, ni klabu ya wanajeshi wa ngazi fulani. Kuna kaunta ya vinywaji, makochi, TV kubwa ambayo majira ya baridi haitoki kwenye hoki, meza ya pool, dats, na mara nyingi ukumbi wa sherehe. Ukutani kuna picha za kikosi, vikombe vya michezo, bendera za zamani. Vitu vingi humo ndani vimenunuliwa kwa hela za wanachama wenyewe, kwahiyo ni sebule yenu, na mtu akimwaga bia kwenye kochi anawamwagia ninyi.

Ziko ngapi na mimi naingia ipi?

Tatu. Moja ya maofisa, moja ya maafisa wateule na masajenti, na moja ya vyeo vya chini ambayo wenyewe wanaiita Junior Ranks Mess. Ya kwako ni hii ya tatu. Humo wanakaa maprivate, makoplo na masta koplo. Upande wa wanamaji ni wale wale ila majina yao tofauti, na majina hayo yalibadilishwa 2020 ili yasiwe ya kiume peke yake, kwahiyo usishangae ukisikia mzee anataja ya zamani.

Masta koplo ana V mbili na jani la mepo juu yake. Kisheria ni koplo aliyepewa dhamana ya kuongoza wenzake, ila kivitendo ndio kiongozi wako wa kwanza, na jioni ndio huyo huyo mtacheza naye pool. Hilo linawachanganya sana watu wetu, nimelieleza kwenye swali la kuitana majina huko chini.

Ni lazima kuwa mwanachama?

Ukiwa mwanajeshi wa kudumu ndio, kila mtu ana mesi yake kulingana na cheo, uwe unaishi kambini au umepanga mjini. Kwenda kukaa pale jioni sio lazima, hakuna atakayekuja kukuvuta chumbani. Ila kuna shughuli chache za mesi ambazo kikosi kinazihesabu kama kazi, mfano chakula cha Krismasi, hizo unaenda.

Mimi ni wa akiba, nina kazi yangu mjini. Mesi inanihusu?

Inakuhusu sana, pengine kuliko wa kudumu. Askari wa akiba mnakutana jioni moja kwa wiki na wikiendi kadhaa, kwahiyo gwaride likiisha ile saa moja ya mesi ndio nafasi pekee ya kumjua mtu unayepiga naye saluti. Kwenye kambi za mjini, zile armoury kama Fort York au Moss Park pale Toronto, mesi iko ndani ya jengo hilo hilo, unapanda ngazi tu. Usikimbilie basi kila wiki.

## Hela

Wanakata kiasi gani kwenye mshahara?

Inategemea mesi yenyewe, kila moja inapanga ada yake kwenye mkutano wa wanachama. Inakatwa kila mwezi moja kwa moja, utaiona kwenye slipu ya mshahara. Ukihamishwa kambi hakikisha ya zamani imesimama na ya mpya imeanza, maana nimeona mtu anakatwa sehemu mbili miezi kadhaa na hajui kwa sababu slipu haifungui.

Sinywi na siendi, naweza kurudishiwa?

Hapana. Ada sio ya pombe. Ndiyo inayolipia pati ya watoto, zawadi ya anayeondoka, TV, maua ya mwenzenu aliyefiwa. Sasa kama unalipa na huendi, umewanunulia wenzako sebule wewe ukabaki chumbani kwako unaangalia simu. Na kama unaona hela inatumika vibaya una haki ya kusema, soma jibu linalofuata.

Nani anaendesha mesi?

Kamati, na nyinyi ndio mnaichagua. Mwenyekiti anaitwa PMC, mara nyingi ni masta koplo, kuna makamu, katibu, mweka hazina, mtu wa burudani, mtu wa michezo. Juu yao kuna kamanda ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Kuna katiba na kanuni za mesi, omba nakala usome, sio ndefu. Halafu kuna mkutano mkuu wa wanachama ambao mweka hazina anasoma mahesabu mbele ya watu wote.

Kwenye huo mkutano praiveti wa miezi 6 na masta koplo wa miaka 12 kila mmoja ana kura moja. Mimi mara ya kwanza nilikaa kimya, nimekulia mahali ambapo mdogo hanyooshi mkono mbele ya wakubwa. Dada mmoja praiveti alisimama akauliza kwanini hela ya michezo yote inaenda kwenye hoki wakati kuna watu wanataka mpira wa miguu, wakajadili, wakapiga kura, mwezi uliofuata tukanunuliwa mipira na jezi. Ndio siku niliyoelewa hii kitu ni yetu.

## Adabu za kuingia na kukaa

Nifanye nini mlangoni?

Vua kofia. Bereti, kepu, kofia ya baridi, vyote. Hii ndio sheria kuu ya mesi na wanaifuata kweli kweli. Ukiingia umevaa kofia mtu anagonga kengele ya kaunta, na mkosaji anawanunulia wote waliopo raundi. Mesi nyingine siku hizi badala ya raundi unatia hela kwenye kopo la msaada, lakini kengele utagongewa tu. Walioko zamu kwenye doria hawahusiki.

Kilemba cha Singasinga na hijabu havihusiki, hicho ni kitu cha dini na hakuna wa kukugusa. Dada wa Mombasa au Zanzibar unayejiuliza, ingia na hijabu yako kichwa juu.

Na ile kengele usiiguse, hata kwa kujaribu sauti yake. Ukiigonga umesema unanunua wewe.

Naingia na kombati au nguo za kiraia?

Mchana na jioni ya mapema baada ya kazi kombati inakubalika sehemu nyingi, ila iwe safi, sio umetoka porini na tope magotini. Usiku na wikiendi kiraia, ya heshima. Kila mesi imebandika kanuni za mavazi karibu na mlango, zisome.

Namuitaje mtu humo ndani? Nyumbani kila mkubwa ni afande.

Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote. Sisi tumezoea afande ni afande, mchana usiku, sokoni, msikitini. Hapa kazini unamwita mtu kwa cheo chake, masta koplo ni masta koplo, mwite hivyo na usilegeze. Jioni mesini wengi watakuambia niite jina langu. Subiri akuambie yeye mwenyewe, usianze wewe. Akishakuambia mwite jina lake, ukiendelea na cheo anaona kama unamweka mbali. Kesho asubuhi kwenye gwaride rudi kwenye cheo kama vile jana haikuwepo. Kuvuka huo mstari kwenda na kurudi ni ujuzi, unachukua muda, na wanaheshimu sana mtu anayeuweza.

Ofisa au sajenti akija mesi yenu anakuja kwa kualikwa, yeye ni mgeni wenu. Huyo bado ni kwa cheo chake. Msogezee kiti, muulize anakunywa nini, hapo ukarimu wetu wa pwani unatosha kabisa.

Tunaongea nini? Naogopa kukaa kama nguzo.

Mila ya zamani inasema siasa, dini na kazi vibaki nje. Kazi huwa inaingia tu, haiepukiki, lakini kumsema mkubwa wako kwa sauti kaunta ni kosa, kuta zina masikio. Uliza watu kuhusu kwao. Wakanada wa vijijini wanapenda kuhadithia uwindaji, uvuvi wa kwenye barafu, trekta la babu yake, na wakishamaliza wanakuuliza wewe. Mimi nimeeleza jinsi ya kupika pilau kwa watu zaidi ya mia sasa.

Michezo inasaidia kuliko maneno. Jifunze cribbage, ni karata zenye ubao wa matundu wa kuhesabia pointi, ukiijua hiyo hukosi kiti mesi yoyote Kanada. Ukiwa kambi ya anga utakuta pia Crud, wanaicheza kwenye meza ya pool kwa mikono bila fimbo, wanakimbia kuizunguka meza na kusukumana, ingia ukiwa umevaa viatu vya kueleweka.

Kiingereza changu sio kizuri, ila Kifaransa nakijua.

Basi ndugu zangu wa Kongo, Burundi na Rwanda nyinyi mna bahati kuliko mnavyodhani. Jeshi lina lugha mbili rasmi, na pale Valcartier karibu na mji wa Quebec, nyumbani kwa regimenti ya Royal 22e, mesi nzima ni Kifaransa. Kitawachanganya kidogo kile cha Quebec, kina lafudhi yake na matusi yanayotokana na maneno ya kanisani, wiki chache masikio yanakaa sawa.

## Pombe

Sinywi. Nitatengwa?

Hapana, na hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu ndilo lililonifungia chumbani. Agiza soda, chai, maji, kaa. Siku za mwanzo mmoja atakuuliza kwanini, unamjibu kwa ufupi, yamekwisha. Wapo walioacha, wapo wanaoendesha gari, wapo walio kwenye dawa, wapo Waislamu, wapo walokole. Wakati wa Ramadhani nilimwona koplo mmoja Mkanada wa kawaida kabisa, hana dini yoyote, alikuwa anamuwekea mwenzetu tende kwenye kisahani nyuma ya kaunta na kuangalia saa ya magharibi kwenye simu yake. Hakuna aliyemtuma.

Akitokea wa kukulazimisha mwambie hapana mara moja, akirudia nenda kwa PMC.

Umri wa kunywa ni miaka mingapi?

Sheria ni ya mkoa ilipo kambi, sio ya jeshi. Alberta, Manitoba na Quebec ni 18, kwingine kote ni 19. Kwahiyo mtu wa miaka 18 anayekunywa Edmonton (Alberta) au Shilo (Manitoba) akihamishwa Petawawa, ambayo iko Ontario, anaambiwa subiri. Uraia wako, cheo chako, hata kama umetoka misheni, havibadilishi kitu.

Nikilewa nikafanya ujinga?

Mesi ni eneo la jeshi. Ugomvi pale ni kosa la kijeshi, sio ugomvi wa baa ambao asubuhi umesahaulika. Kuendesha gari umelewa ndio kabisa, unakutana na polisi, mahakama na kamanda wako, na kama bado una PR fikiria na faili lako la uhamiaji. Makaunta mengi wana namba ya teksi ukutani au kuna mwenzenu wa zamu anayerudisha watu, uliza mapema kabla hujaanza glasi ya kwanza.

Na bangi, kwa kuwa mnauliza: ni halali Kanada tangu Oktoba 2018, lakini kwa mwanajeshi ni mwiko masaa 8 kabla ya kazi na masaa 24 kabla ya kushika silaha, na kazi nyingine kama kuruka na ndege ni siku 28.

## Dina rasmi ya mesi

Inaendaje? Nimealikwa na naogopa kuaibika.

Ni chakula cha jioni chenye utaratibu kama ibada, hakuna haja ya kuogopa ukishaujua. Unavaa sare ya heshima na medali kama unazo. Mnaingia pamoja, mara nyingi kwa filimbi ya bagpipe au ngoma, mnasimama nyuma ya viti, mnaomba, mnakaa. Kiongozi wa meza yuko kichwani, na mwisho wa pili yuko msaidizi wake anaitwa Vaisi, kwa kawaida mtu wa chini kwa cheo, kwahiyo usishangae siku ukiteuliwa wewe.

Nenda chooni kabla. Narudia, nenda chooni kabla. Haunyanyuki kwenye meza bila ruhusa na chakula kinaweza kwenda masaa matatu.

Mwishoni inazungushwa chupa ya mvinyo mtamu wa port, unapokea na kumpa wa kushoto kwako. Usinywe. Kiongozi anasimama anamwambia Vaisi amtaje Mfalme, Vaisi anasimama anasema kwa lugha ile nyingine, yani mmoja akisema Kiingereza wa pili anasema "le Roi du Canada", Mfalme wa Kanada, mnasimama wote, mnanyanyua glasi, ndio mnakunywa. Glasi ya maji au juisi inaruhusiwa kabisa. Halafu zinapigwa nyimbo za vikosi, ukisikia ya kwako simama.

Ile meza ndogo ya mtu mmoja isiyokaliwa ni ya nani?

Ya waliokufa na waliopotea. Kitambaa cheupe, ua waridi, kipande cha limao, chumvi kidogo kwenye sahani, glasi imepinduliwa, kiti kimeegemezwa kwenye meza. Usiweke simu yako pale, usipitishe mkono kuchukua chumvi, nimeona mgeni akifanya hivyo na ukumbi mzima ukanyamaza. Kanada ilipoteza wanajeshi 158 Afghanistan, na kwenye mesi yenu kuna watu walikula nao meza moja. Baadhi ya picha zilizo ukutani ni za hao hao. Mtu akisimama mbele ya picha peke yake muache.

## Siku kubwa za mwaka

Ni kweli Krismasi maofisa wanawahudumia maprivate?

Kweli, nami nisingeamini kama nisingeona. Kabla ya likizo kikosi kinakula pamoja, na siku hiyo maofisa, maafisa wateule na masajenti wanavaa aproni wanabeba sahani. Praiveti mdogo kuliko wote kwa umri anabadilishana koti na kamanda, anakuwa kamanda wa siku.

Mwaka wangu wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 18. Koti la luteni kanali lilimfika mikono mpaka kwenye vidole, na kanali naye amevaa la kijana, vifungo havikutani, anapita na jagi la mchuzi anauliza nani hajapata. Aliponifikia alinimwagia mchuzi kwenye viazi akaniuliza mama yangu hajambo. Wiki tatu kabla nilikuwa nimeomba ruhusa kwa sababu mama alikuwa amelazwa. Nilijibu hajambo sir, asante sir. Mimi niliyezoea kwamba mkubwa unamuona kwa mbali akishuka kwenye gari, nilikaa na ile sahani muda mrefu.

Na siku nyingine?

Novemba 11, Siku ya Kumbukumbu. Asubuhi gwaride kwenye mnara, ua jekundu la popi kifuani, dakika mbili za ukimya kwenye baridi kali, halafu mesi zinafungua milango kwa wastaafu na familia. Kaa na mzee mmoja, msikilize. Januari mosi kuna mapokezi ya mwaka mpya, utapewa kinywaji cheupe kinachoitwa moose milk, kina ladha ya aiskrimu lakini ndani kuna ramu nyingi.

Kila regimenti ina na siku yake. Royal Canadian Regiment wana Februari 27, kukumbuka mapigano ya Paardeberg ya mwaka 1900, yaliyopiganwa Afrika Kusini. Wengi wao mesini hawajawahi kufika bara letu na wanalitaja kila mwaka.

## Hali zenye utata

Naweza kuleta mke, mume au rafiki?

Ndio, unamwandika kwenye kitabu cha wageni na unabeba dhamana yake, akikosea umekosea wewe, kofia yake ni kofia yako. Wake na waume zetu wanaishi kambini bila ndugu wala jirani wa kuongea naye Kiswahili, kwahiyo walete kwenye siku za familia, watoto wakishajuana wazazi wanajuana.

Mimi ni mwanamke. Ni salama?

Nitakujibu kwa uwazi. Ripoti ya Jaji Marie Deschamps ya 2015 ilisema kulikuwa na utamaduni wa kingono unaowaumiza wanawake, na Jaji Louise Arbour alirudi na ripoti nyingine 2022. Hayakuandikwa bure. Madada ninaofanya nao kazi wanasema hali imebadilika, ila sio kila mahali kwa kasi moja. Nenda na mwenzako mwanzoni, na likikupata jambo sio lazima uanze na kiongozi wako, kuna kituo cha msaada wa mambo haya ambacho kiko nje ya mnyororo wa amri, unapiga simu na wao wanakusikiliza kwanza. Na sisi wanaume tuliokaa hapo mezani, ukisikia mwenzako anamtania dada kwa namna isiyo sawa, mwambie hapo hapo, usisubiri aende akalie chooni.

Nikipigiwa utani wa rangi au lafudhi?

Kuna utani wa kikosi, kila mtu anapigwa, na kuna ubaguzi. Tofauti utaijua tumboni. Wa kwanza jibu kwa utani. Wa pili mwambie mhusika siku ya pili akiwa mzima, peke yake, wengi hunyooka hapo. Asiponyooka andika tarehe na maneno, peleka kwa kiongozi wako au kwa njia ya malalamiko ya kambi.

Nikipanda usajenti inakuwaje?

Unahama. Siku hiyo hiyo wewe sio mwanachama tena, mesi yako ni ile ya maafisa wateule na masajenti, hata kama mna mita 50 tu kati ya milango. Sehemu nyingi wanakuaga, wanakupa kikombe cha bati kimechorwa jina lako na miaka yako, mnakunywa mara ya mwisho, na unatoka kwa mlango mliouzoea wote. Rafiki yangu mmoja alipopanda, kesho yake jioni alikuja kwa mazoea, akafika mlangoni, akavua bereti, halafu akakumbuka. Alisimama nje kwenye theluji akagonga, tukamfungulia, tukamwambia karibu sajenti.